Mkojo Uliopigiwa Vigelegele

Zamani, si ile ya mababu bali hii ya juzi, mashine ya kusafisha damu ilipokuwa moja tu mkoa mzima, alikuwapo mfinyanzi katika milima ya Upare, jina lake Nakijwa.

Nakijwa akaanza kuvimba. Asubuhi macho, jioni miguu. Akasema ni uchovu. Mama mkwe wake, Nakiete, hakukubali.

"Mkwe wangu, mkojo wako nimeuona. Ni kidogo, na una povu kama la sabuni. Twende hospitali!"

Nakijwa akaona aibu, akakasirika. Nakiete akasimama mlangoni, hakubanduka mpaka mkwewe akavaa viatu.

Daktari akampima. "Mama, damu yako yote hupita kwenye figo, usiku na mchana. Figo huichuja. Kinachofaa hukirudisha mwilini. Uchafu na maji ya ziada huvitoa, ndiyo mkojo. Figo zako zimeshindwa. Uchafu unabaki kwenye damu."

Basi mumewe, Mkwizu, akambeba mgongoni kuteremka mlima hadi kwenye mashine. Mara tatu kwa wiki. Mvua ikinyesha, alimbeba. Jua likiwaka, alimbeba. Miezi kumi na minne, shamba likaota magugu.

Siku moja akaja Namkunda, mdogo wake Nakijwa. Walikuwa hawasemezani miaka sita.

"Dada, ninazo figo mbili. Chukua moja."

Wakapimwa, wakaonekana wanaendana. Wakapasuliwa.

Nakijwa alipotolewa chumba cha upasuaji, wote wakaukodolea macho mfuko wa mkojo kando ya kitanda. Mtupu. Likadondoka tone. Tone jingine. Kisha ukatiririka, wa manjano, safi! Nakiete akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia.

Nakijwa akarudi kwenye udongo wake, mzima. Baba yake akaleta mtamba wa ng'ombe. "Mwanangu, mpe aliyekuokoa. Mmoja tu."

Nakiete akasema, "Bila jicho langu, mngemzika hata mashine hajaiona."

Mkwizu akasema, "Bila mgongo wangu, figo ingemkuta kaburini."

Namkunda akasema, "Mimi nilikuwa nazo mbili. Sasa ninayo moja."

Nakijwa akashika kamba ya mtamba, akawatazama wote watatu.

Enyi mnaonisikiliza, kamba ile ninyi mngemkabidhi nani?