Kulalia Si Kulala

Karakana ya Fundi Saa ilikuwa chumba kimoja mbele ya nyumba, na saa zilijaa ukutani hadi rangi ya ukuta haikuonekana. Mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo: chai yake ilikaa mezani dakika nne kabla ya kunywewa, wala si tatu. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaani, mcheshi, na nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Walipendana kama chanda na pete, na walibishana kila siku ya Mungu.

Mkunga alikuwa na kuku mmoja, Kishungi, wa uzao wa kuku wa marehemu mama yake. Hakurithi kitu kingine chenye uhai. Asubuhi moja, Kishungi akiwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia mayai kumi na mawili, alitoka kunywa maji na paka shume akamrukia. Yakabaki manyoya. Mkunga aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akalia wazi wazi, kwa maana mayai yale yakiharibika, mbegu ya kuku wa mama yake ingekwisha. Na mtaa mzima haukuwa na kuku mwingine aliyekuwa akiatamia.

"Usilie, mama watoto," Fundi Saa alimwambia. "Nipe mimi hayo mayai. Kwani kuku anafanya nini cha ajabu? Si tunasema kuku analalia mayai? Basi analala tu! Nitayatafutia kitu cha kuyalalia kisichotoka kwenda kunywa maji."

Alichukua sanduku la saa kuukuu, akafunga balbu na kipimajoto, akatandika pamba na kuyapanga mayai. Joto likatulia kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu. Kisha akazisimamisha saa zote za chumbani, akabandika karatasi mlangoni: KIMYA. WAMELALA.

"Mume wangu, mayai yanageuzwa," Mkunga alimwonya.

"Ya nini? Wewe ukilala nikawa nakugeuzageuza, utafurahi?"

Kila aliposemeshwa alitia pamba masikioni. Siku ya saba Mkunga alichoka kusubiri ruhusa. Aliingia na tochi ya zahanati, akashusha pazia, akamulika yai moja moja. Katika mayai manane mishipa myekundu ilikuwa imetanda vizuri, na katikati kitone kidogo kilitikisika. Katika manne kulikuwa na doa jeusi tu, limenata upande mmoja wa ganda, halina uhai.

Fundi Saa alinywea. "Joto halikushuka hata nukta," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekosea wapi?"

"Kwenye neno," Mkunga alimjibu. "Kulalia si kulala. Ulishawahi kumtazama kuku? Kutwa anageuza mayai kwa mdomo, la pembeni analileta katikati, ili kilichomo kisigande upande mmoja. Anatoka kidogo, yanapata hewa. Siku za mwisho anaongea nayo, na yenyewe yanamjibu humo ndani. Huo ni ulezi, mume wangu. Hata kina mama wanaokuja kwangu, wameanza kulea zamani, mimi sijavaa hata glavu."

Maneno yale yalimchoma. Ukaidi wake ulikuwa umewaua vifaranga wanne, na safari hii hakubisha.

Alichukua penseli akaandika A upande mmoja wa kila yai na B upande wa pili, asije akasahau lililogeuzwa. Akatega saa za kengele, kila moja kwa zamu yake ya kugeuza. Akaweka bakuli la maji ndani ya sanduku ili hewa isikauke. Baada ya wiki nyingine akapiga moyo konde, akainama karibu na mayai akaanza: "Ko, ko, ko."

Jirani yao, muuza vitambaa, alichungulia dirishani. "Shemeji, unaumwa?"

"Naongea na wanangu."

"Wako wapi?"

"Ndani ya mayai."

Jirani hakungoja la pili. Alikwenda mbio zahanati kumwarifu Mkunga kwamba mumewe amelegea skrubu. Mkunga alicheka hadi akaegemea ukuta. "Mwache," alisema, "ndiyo kwanza anakuwa mzazi."

Siku ya kumi na nane waliacha kugeuza, kama kuku afanyavyo. Siku ya ishirini Fundi Saa alipoita, kitu kilimjibu kutoka ndani ya ganda: "Pyu." Alitoka mbio na kiatu kimoja kwenda kumwita mkewe.

Kesho yake hadi adhuhuri vifaranga saba walikuwa wametoka. Wa nane alitoboa ganda asubuhi, kisha akakwama. Fundi Saa alinyoosha koleo lake dogo la saa. Mkunga akamshika mkono.

"Mwache asukume mwenyewe. Wewe mwite tu."

Akaita hadi sauti ikakauka. Ganda likatikisika, likapasuka, akadondoka kifaranga mwenye kinundu cha manyoya utosini. Mkunga alimwinua kiganjani, machozi yakimtiririka, akicheka. "Tazama, kuku wa mama huyu!"

Siku ya tatu jirani alikuja kuwaona. Alimwaga chenga za mahindi, akaita, akapiga makofi; hakuna aliyegeuza hata shingo. Fundi Saa, aliyekuwa ameinamia kazi yake, akasema taratibu, "Ko, ko." Wote wanane wakatimka, wakapita juu ya miguu ya jirani na kujazana chini ya kiti cha Fundi Saa.

"Shemeji!" jirani alishangaa. "Wana siku tatu tu duniani. Umewafunza lini?"

"Kabla hawajazaliwa," alijibu Fundi Saa, akiweka miguu yake kwa uangalifu asimkanyage mmoja wao.

Hakika, hata akiwa bado ndani ya ganda, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.