Donge la Chachu Chini ya Mtoto

Kisa hiki alinisimulia kwanza Bibi Eliakunda, mzee wa kanisa letu, siku tulipokuwa tukichagua mchele wa Pasaka.

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa Wayahudi ulio milimani, aliishi mama kijana mcha Mungu aliyeitwa Tirza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mzaliwa wa kwanza. Marehemu mama yake alimwachia donge la chachu ya mkate, naye alilitunza miaka yote kwa kuliongezea unga, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mama.

Ikakaribia Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu, ambapo kila chachu huondolewa nyumbani. Tirza akalifunga donge lake kwa kitambaa, akalificha chini ya godoro la mtoto. Tangu hapo hofu ikamwingia. Mtoto akikohoa, alimshika paji la uso, akawakumbuka wazaliwa wa kwanza wa Misri waliokufa usiku wa Pasaka ya kwanza.

Jioni mama mkwe wake, Bibi Ketura, akapita na taa na unyoya akifagia makombo pembeni, huku akitania kwamba panya wa nyumba ile wangefunga saumu bila kupenda. Alipofika penye kitanda alisita asimwamshe mjukuu, akapita. Tirza akashusha pumzi, lakini mikono yake ilizidi kutetemeka.

Kisha mumewe, Asa, akasimama kutamka maneno ya desturi, kwamba chachu yoyote iliyosalia asiyoijua ihesabiwe kuwa mavumbi. Alikuwa anasema mbele za Mwenyezi Mungu kwa niaba ya nyumba nzima.

"Bwana wangu, usiseme bado," Tirza akamwambia. "Ipo. Nimeilaza na mtoto."

Asa akaitoa chini ya godoro. Bibi Ketura akaifungua ile chachu, akainusa.

"Mwanangu, unga na maji vikikaa, chachu huja yenyewe," akasema. "Na mikono ya mama yako unayo. Ndiyo hiyo inayotetemeka."

Asubuhi wakaichoma. Tirza alilia, lakini mtoto alipokohoa hakushtuka.

Sisi tunaomwamini Kristo kuwa Mwanakondoo wetu wa Pasaka, pa kufagia ni moyoni, na kilichofichwa humo huumuka.

Kesho ya siku ile ya mchele, kabla ya chai, nilitoa kabatini sweta la mtoto wa wifi yangu, lile nililomwambia sikuliona kambani, nikaenda kumbishia hodi.