Muhuri wa Nyamizi

Enzi, wajukuu, enzi! Enzi ambayo kalamu haijazaliwa na jembe lilikuwa jiwe. Mpo? Mlio nyuma, sogeeni.

Palikuwa na kijiji chenye ghala moja. Kila nyumba iliweka humo chungu chake cha mbegu. Chungu kikafunikwa ngozi, ngozi ikakazwa kamba, na juu ya fundo likabandikwa donge la udongo mbichi. Mwenyewe akagandamiza muhuri wake wa jiwe, alama ikabaki. Kwa kila chungu Mama Nkamba, mtunza ghala, alitia gololi moja ya udongo kapuni mwake, ndiyo hesabu yake. Na sheria ilikuwa moja, wajukuu, moja tu: donge halivunjwi mpaka muhuri uletwe, ulingane na alama.

Kiangazi kile Mhoja alifiwa na mkewe, Nyamizi. Siku ya kuzika, huzuni ilimzidi, akamfumbatisha mkewe muhuri aliokuwa akigandamizia chungu chao. Akazikwa nao.

Mvua ikanyesha. Watu wakapanga mstari ghalani kuchukua mbegu, hata zamu ya Mhoja ikafika.

"Muhuri, mwanangu," akasema Mama Nkamba.

"Amelala nao, mama."

"Basi kamwamshe!" akadakia mtu mstarini. Wengine wakacheka. Mama Nkamba aligeuka tu, kicheko kikafa.

Akalifunika donge la chungu kimoja kwa kiganja. "Chungu chenu naamini ni hiki. Lakini kuamini si ushahidi. Nieleze alama yake."

Mhoja akajaribu kuikumbuka. Ilikuwa mistari? Ilikuwa duara? Miaka ishirini, wajukuu, miaka ishirini alikula kilichotoka chini ya alama ile, asiitazame hata siku moja.

"Siijui, mama."

"Huijui! Na usipopanda mwezi huu, utakula nini?"

Hapo Mhoja akamsikia akilini, kama jana, mkewe akifinyanga donge na kujisemea.

"Ndani ya donge kuna punje moja ya mtama," akasema taratibu. "Alikuwa akisema, udongo nao usilale na njaa."

"Nikivunja nisiikute, chungu ni cha kijiji."

"Vunja, mama."

Akavunja. Katikati ya udongo ililala punje.

Ndipo Mhoja akaiona alama, imepasuka vipande viwili: mistari miwili ikienda pamoja, mmoja ukakomea njiani.

"Nipe kipande kimoja tu, mama."

"Madonge hubaki ghalani, mwanangu. Unajua." Akaitoa gololi yao kapuni. "Punje si donge. Ichukue."

Akaenda na chungu chake, punje ameifumbata, akapanda peke yake, akavuna peke yake. Akachonga muhuri mpya. Na alipofinyanga donge lake, alitia punje moja ndani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nyumbani hapakuwa na wa kuuliza.

Basi, wajukuu, mtazameni mtu angali akifanya kazi yake mbele yenu, msingoje kuulizwa alama yake. Kisa nimekifunga fundo. Udongo ukauke, nanyi mkalale.