Bi Kanga na Mawe ya Shukrani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, wenye masikio na wenye kusinzia. Kabla sijaanza nawapa fumbo, na jibu lake silijui. Nimelizungusha kichwani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, halijafunguka. Mtu aliyesoma, akasoma kweli, akawatibu watu na wakapona kweli: ni siku gani ulimi wake huanza kutembea mbele ya ujuzi wake? Na mwenyewe huisikia siku hiyo ikipita? Mimi limenishinda. Labda ninyi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana kama sisi, palikuwa na bonde liitwalo Mchangani, na tabibu wa bonde hilo alikuwa Mbega. Hakuwa tapeli, msimdhanie hivyo. Alikaa ng'ambo ya mto misimu saba akifundishwa na waganga wakuu, na kila msimu alivishwa ushanga mmoja. Shanga saba shingoni! Alijua kuunga mfupa, alijua kutoa mwiba, alijua kushusha homa. Bi Kanga alipovunjika bawa, ni Mbega aliyemuunga, na bawa likaruka.

Desturi ya Mchangani ilikuwa hii: aliyepona aliokota jiwe jeupe mtoni, akaliweka mlangoni kwa tabibu. Ndiyo shukrani yake.

Mwaka mmoja Mbega mwenyewe akashikwa na tumbo la kuwaka moto. Akaacha kila chakula, akawa anatafuna majani machanga ya mkwaju peke yake. Siku ya kumi moto ukazimika. Furaha ilioje! Akapanda juu ya kichuguu, akawaita wote, wagonjwa na wazima, akaimba:

"Punje ni sumu, mizizi ni sumu,
Jani la mkwaju ndilo dawa!"

Nao wakaitikia: "Ndilo dawa!"

"Hata mimi mla viazi?" akauliza Ngiri.

"Hata wewe."

"Hata sisi wa punje?" akauliza Bi Kanga.

"Hasa ninyi, Bi Kanga. Hasa ninyi."

Basi Bi Kanga akaenda akamwaga mtama wake wote. Alikuwa na kifaranga mmoja, Chereko. Wenzake watano walichukuliwa na mwewe, kwa hiyo Chereko ndiye aliyebaki, na mama yake alimtakia kila lililo jema.

Wiki ya kwanza Chereko akanyong'onyea. Bi Kanga akaenda.

"Hodi, Tabibu. Mtoto amenyong'onyea."

"Vizuri! Hiyo ni sumu inatoka. Vumilia, ongeza majani."

Wiki ya pili manyoya yakapukutika. Bi Kanga akaenda.

"Hodi, Tabibu. Mtoto anapukutika manyoya."

"Vizuri sana! Hiyo ni sumu kubwa inatoka. Vumilia, ongeza majani."

Wiki ya tatu Chereko hakuweza kusimama. Bi Kanga hakupiga hata hodi. Safari hii Mbega hakusema vizuri. Alizigusa shanga zake, mmoja baada ya mwingine.

"Una hakika hukumpa hata punje moja?"

"Hata nusu punje, haki ya Mungu."

"Basi kuna sharti umelikosea. Tazama mawe yale mlangoni. Wote hao wamepona. Wa kwako ana nini?"

Bi Kanga akayatazama. Akayatazama sana.

"Tabibu, uniwie radhi, mimi sina hata ushanga mmoja. Aliyepona huweka jiwe. Asiyepona huweka nini?"

"Haweki kitu. Aweke nini, naye hana la kushukuru?"

"Basi utajuaje wasiopona wako wangapi?"

Mbega akageuka, akayatazama mawe yake. 

Bi Kanga akaondoka, akapita shimo kwa shimo. Alianza kwa Nungunungu.

"Ingia upesi, shoga, nisionekane!" Miiba yake yote ilikuwa chini, yeye yuko uchi kama kiazi kilichomenywa.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Tabibu hakosei. Nilijua kosa ni langu."

Akaenda kwa Digidigi, akamkuta amelala, miguu inatetemeka. Naye akasema: "Nilijua kosa ni langu."

Akaenda kwa Ngiri, akamkuta ananawiri, shavu linang'aa.

"Wewe majani yamekukubali, Ngiri. Jiwe lako nimeliona."

Ngiri akachungulia kulia, akachungulia kushoto. "Dada, usinitangaze. Viazi sijaacha hata siku moja. Nakula nyuma ya kichuguu."

"Na jiwe?"

"Kila mtu alikuwa anaweka! Ulitaka nionekane nimeshindwa peke yangu?"

Bi Kanga hakujua acheke au alie. Kila aliyeumia, Bi Kanga alimwomba kipande kimoja cha kaa jeusi kutoka mekoni mwake, kiwe alama ya asiyepona, akakitia kikapuni. Kisha akaokota punje tatu za mtama, akarudi kwa mwanawe.

Hapo akajisemea: "Nikimpa, nimemwasi aliyeniunga bawa. Nisipompa, kesho sina wa kumpa." Akaziloweka zile punje, akampa. Moja. Ya pili. Ya tatu. Jua lilipoinama, Chereko akainua kichwa. Siku ya tatu akasimama, akamdonoa mama yake mguuni akidai nyingine.

Ndipo Bi Kanga alipokwenda kumwaga kikapu mlangoni kwa Mbega, bonde zima likiwa nyuma yake. Mawe ya msimu ule yalikuwa ishirini na moja, na sita kati yake, wenyewe walikiri, yalikuwa ya wajanja kama Ngiri. Makaa yalikuwa hamsini na mawili.

"Avuliwe shanga!" akapiga kelele Nungunungu.

"Avuliwe!" wakaitikia.

Bi Kanga akatandaza mabawa yake mawili mbele ya Mbega. "Mifupa yenu aliiunga au hakuiunga? Mkivunjika kesho mtakwenda kwa nani? Kwa Ngiri?"

Watu wakacheka, na kicheko kikapunguza hasira. Mbega alikuwa amechuchumaa, anahesabu. Alihesabu mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nilipona mimi," akasema, "nikadhani bonde zima lina tumbo langu. Nilisema kabla sijajua. Na hawa kumi na watano waliopona, kilichowaponya pia sikijui bado. Nisameheni."

Wakakaa shauri, wakakata neno. Kila dawa mpya, na kila mwiko wa chakula, utangoja misimu mitatu, wengine wautumie na wengine wasiutumie, mawe upande huu wa mlango na makaa upande ule. Kabla ya hapo, tabibu akiulizwa atajibu: "Bado sijui." Wala hataona haya kwa jibu hilo.

Mahali pa makaa palifagiliwa na Mbega kwa mikono yake. Na kazi ya kuwazungukia wasiorudi kushukuru akapewa Bi Kanga. Kesho yake asubuhi alianzia kwa Fisi, ambaye tangu bonde liwe bonde hakuna aliyewahi kumuuliza anaumwa wapi.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, mlangoni kwa Fisi, inapiga hodi.