Ukili wa Mize

Usicheke ukili, ngoja mkeka. Mnataka kujua nani aliyeyasema maneno haya kwanza, wajukuu zangu? Basi kaeni vizuri, mambo yalianzia kwa Mize.

Enzi hizo, harusi haikunoga bila mkeka uliosukwa na mama wa bibi harusi kwa mikono yake. Mkeka wa kuazima ulikuwa aibu ya ukoo. Nazikumbuka siku zile, na bado nazitamani! Wanawake walisuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, wakipiga soga, wakasuka wakienda kisimani.

Mize alianza ukili wake kwao angali mwari, kwa miyaa aliyoitia rangi nyekundu. Akaolewa mbali, akalea, ukili ukalala darini miaka. Alipoushika tena, rangi iliyopatikana huko ni ya magome ya mkoko, hudhurungi iliyokolea. Kisha mume akamwacha. Akarudi kwao na binti yake Mwanakheri, na ukili begani. Safari hii rangi hakuwa nayo kabisa, akaendelea na miyaa myeupe.

Mwanakheri alipoposwa, Mize akautandaza ule ukili uani. Wifi yake Msiza, mke wa kaka yake, akacheka hadi akashika mbavu.

"Wifi, huu ukili au chatu? Kata hapo pekundu, utupe. Twende tukaazime mkeka wa watu."

Mize akashika kisu. Moyo ukamuuma, kwa maana pale pekundu palikuwa na uwari wake wote. Akakiweka chini.

"Sikati. Nimekatizwa vya kutosha. Nitaushona wote."

"Utatuaibisha mbele ya wakwe!"

"Aibu itakuwa yangu, wifi."

Akaukunja na kuushona huku na huku, apate pembe nne kama desturi. Rangi zikagombana. Akafumua, akakaa akiutazama, kisha akaanzia katikati na kuuzungusha mduara, akishona. Wekundu ukawa moyo, hudhurungi ikauzunguka, weupe ukawa pindo. Mkeka wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana pale kijijini.

Siku ya harusi wakwe waliingia wakasahau hata kuvua viatu.

"Nani kasuka?" akauliza bibi mmoja.

"Wifi yangu!" Msiza akadakia. Halafu akamwinamia Mize. "Nisamehe, mwenzangu. Nilicheka ukili, kumbe ningengoja mkeka."

Waliokuwa karibu wakasikia, wakaenda na maneno hayo majumbani. Ndiyo maana mkimwona mwanamke anaanza upya kwa mara ya tatu, ya nne, fungeni midomo yenu. Usicheke ukili, ngoja mkeka.