Bomba la Chini

Kilima kimoja kilikuwa na nyumba ya sala, na nyumba ya sala ilikuwa na tangi. Maji ya mvua yaliteremka kutoka kwenye mabati ya nyumba ile hadi kwenye tangi la saruji, na kilima kizima kilikunywa hapo, kwa sababu chemchemi ilikuwa mbali na njia yake ni mteremko wa kuvunja magoti. Tangi lilikuwa na chemba mbili. Chemba kubwa ilitoa maji kwenye bomba la juu, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Chemba ndogo ilitoa maji kwenye bomba la chini, usawa wa goti, na hilo lilikuwa la watoto.

Mtu mzima hakunywa kwenye bomba la chini. Naomba tusiicheke desturi hiyo, maana ilianza kwa machozi. Zamani, mwaka wa kiangazi kikali, watu wazima walimaliza maji yao, wakashuka kwenye ya watoto wakayamaliza nayo, na mtoto mmoja akafa kwa kiu. Waliobaki waliapa mbele ya Mungu kwamba hakuna mdomo wa mtu mzima utakaoonja tena maji ya watoto. Tangu hapo kila mtoto akitimiza miaka sita aliitwa mbele siku ya sala, akapewa kikombe cha bati chenye jina lake, limegongwa kwa ncha ya msumari kwenye kitako. Akatembea peke yake hadi kwenye bomba la chini, akakinga, akanywa, watu wakaimba. Hakuna mtu wa kilima kile aliyesahau siku ya kikombe chake.

Tangi lilitunzwa na kamati ya watu saba, na funguo za chemba zilikaa na mtu mmoja, Mzee Senzota, ambaye watoto walimwita Babu. Alikuwa amezishika miaka tisa. Alitoka kilima kingine na barua ya sifa, na kwa kweli alistahili kusifiwa kwa mengi. Alitengeneza mapaa ya wajane bila kuomba hata chai. Sauti yake ndiyo iliyofungua sala. Nyuma ya tangi alikuwa na kishamba cha nyanya, na nyanya zake hazikujua ukungu wala wadudu, kwa sababu alizipiga dawa kila wiki kwa pampu ya mgongoni.

Namkunda alikuwa mkulima wa tangawizi, na alikuwa na mabinti wawili. Nietiwe alikuwa na miaka minane. Sifuni alibakiza wiki sita apewe kikombe chake, na alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea nacho nyumbani kwa kutumia kopo la mafuta ya kujipaka.

Siku moja Nietiwe alimwambia mama yake kwamba maji ya tangi yanauma ulimi. Alisema na sababu: Babu husuuza pampu yake mle, kwenye chemba yetu. Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, kwa maneno ambayo mtoto yeyote angeyatumia, na hayakupungukiwa kitu. Namkunda akamjibu kwamba ametafuna tangawizi mbichi tena, na kwamba mtoto mwenye adabu hamsingizii mzee. Kisha akamshikia kikombe mdomoni hadi kikaisha. Jambo hili Namkunda mwenyewe aliwaeleza watu baadaye, bila kujitetea, na ndiyo maana ninalisema.

Baada ya siku chache midomo ya Nietiwe ilichubuka. Akaanza kutapika asubuhi. Akaficha kikombe chake chini ya kitanda, na alipopelekwa bombani kwa nguvu alikaza meno. Hapo ndipo mama yake alipoacha kukasirika akaanza kujiuliza. Tangawizi ilikuwepo nyumbani miaka yote. Kwa nini imchome sasa?

Akaenda kwenye kamati, akawaambia kile ambacho mtoto alikuwa amemwambia. Huwa nataka sana kujua nyuso zao zilikuwaje alipokuwa akisema, kwa sababu wote waliokuwepo wanakubaliana kwamba walimsikiliza vizuri. Hawakumfukuza. Mwenyekiti alimpa kiti. Mmoja akatania kwamba tangawizi ya Namkunda ni kali hata maji yanaiogopa, wakacheka kidogo, naye akacheka nao, kwa sababu ukiwa umekuja kuomba kitu unacheka. Kisha wote saba wakainuka kwa heshima zote, wakaenda kwenye tangi, wakanywa. Wakanywa kwenye bomba la juu. Yalikuwa matamu, wakamwambia hivyo kwa upole. Alipowaomba wanywe la chini walimtazama kana kwamba amewaomba wavue nguo. Kiapo je? Alitaka wawaibie watoto?

Tena kulikuwa na kanuni. Lalamiko la maji lilisikilizwa pale tu lilipoletwa na watu wazima wawili walioyanywa maji yaleyale. Kanuni hiyo nayo ilikuwa na sababu njema: mtu mmoja mwenye chuki asije akachafua jina la mtunza tangi. Mwenyekiti akaahidi kumwombea Nietiwe. Akamsihi Namkunda asilipeleke jambo hili nje ya kilima, maana watu wa nje wangelicheka tangi, na tangi likichekwa, Mungu ambaye lilijengwa kwa jina lake atachekwa pia. Karani wa kamati, mama mmoja aitwaye Navoneiwa, akaandika kitabuni: Lalamiko la maji, limepokelewa. Kitabu kikarudi kabatini, kabati likafungwa.

Namkunda alirudi nyumbani akizigeuzageuza zile sheria mbili kichwani. Kila moja, ukiishika peke yake, ni nzuri. Mtu mzima asinywe maji ya watoto. Lalamiko lithibitishwe na watu wazima wawili walioyanywa. Alikuwa karibu na mlango wake alipoziweka pamoja, akasimama. Chemba kubwa ikiharibika, kilima kizima kitajua kabla ya jua kuzama. Chemba ndogo ikiharibika, hakuna atakayeweza kamwe kuwa shahidi. Na mwenye funguo alilijua hilo? Ile chemba ndogo ilikuwa na mfuniko unaofikiwa bila ngazi, na kwenye bomba lake hakukunywa mdomo wowote ambao neno lake lingehesabiwa. Kama mtu angetaka mahali pa kusuuzia pampu, asingepata pazuri kuliko hapo.

Kesho yake alimfuata Navoneiwa shambani, akamuuliza maswali madogo, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu. Je, kabla ya lalamiko lake kuna jingine? Navoneiwa alilima tuta lake hadi likaisha. Kisha akasema yapo mawili, yote ya watoto. Mmoja wa watoto wale alihamishwa na wazazi wake, mwingine aliacha tu kuja kwenye sala, na watu wakasema ni mkaidi. Namkunda akauliza tena: huyu mzee, huko alikotoka, aliondoka kwa nini? Navoneiwa akasema barua haikueleza. Barua ilisema ni mtumishi mwaminifu.

Basi Namkunda akafunga safari ya nusu siku hadi kilima kile kingine. Aliyempokea ni mama wa rika lake, mfagiaji wa nyumba ya sala ya huko. Namkunda alipotaja jina la Senzota, mama yule aliweka ufagio chini. Alimpeleka stoo. Huko nako desturi ya kikombe ilikuwapo, na ukutani vilining'inia vikombe vya bati, vitako vikitazama nje, majina yakisomeka. Vilikuwa kumi na vitatu, na cha kumi na nne kilikuwa ndani ya gunia la pumba, kikitumiwa kuchotea chakula cha kuku. Vyote vilirudishwa na watoto waliokataa kunywa. Namkunda akauliza wazee walifanya nini. Walimwombea, mama yule akasema, wakamwandikia barua nzuri, akaondoka kwa amani. Hawakutaka kumharibia mzee jina, na hawakutaka vilima vingine vijue kwamba tangi lao lilichafuka. Je, hawakufikiria kwamba huko aendako kuna watoto? Mama yule akasema kwamba kusema kweli swali hilo hakuna aliyeliuliza kikaoni. Waliuliza kama kule kuna tangi. Wakaambiwa lipo, wakafurahi kwamba hatakosa kazi.

Siku ya Sifuni ikafika. Alivaa gauni la njano na viatu vya dada yake, vimejazwa karatasi mbele. Nietiwe hakutaka kuja, lakini alikuja, akasimama nyuma kabisa, karibu na lango. Mwenyekiti akaliita jina, akampa mtoto kikombe, watu wakaanza wimbo. Mzee Senzota alikuwa amesimama kando ya tangi, funguo shingoni, akimtabasamia mtoto anayemjia. Sifuni alipiga hatua tano. Hatua ya sita mama yake akamfikia, akakitwaa kikombe mkononi mwake, akapiga magoti kwenye bomba la chini, akakinga.

Wimbo ulikatika vipandevipande. Mtu mmoja akasema tangawizi imempanda kichwani. Mzee Senzota akamwambia kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, Mama Nietiwe, hayo ni maji ya watoto, rafiki yangu. Namkunda akanywa hadi nusu. Wakaona uso wake ukikunjamana, wakaona akiuzuia mwili wake usiyatapike. Alipoinuka hakumtazama yule mzee. Aliwatazama watu wazima, ambao siku ile walizidi mia mbili, akakinyoosha kile kikombe mbele yao.

"Mimi ni mmoja," akasema. "Namtafuta wa pili."

Hapo watu waligundua kwamba mtu anaweza kuwa na mengi ya kutazama chini. Wengine walitazama viatu vyao. Mwenyekiti alitazama saa. Kiapo kilikuwa kimevunjwa mbele ya macho yao, na kwa wengi hilo ndilo lililouma, kuliko kile kilichokuwa ndani ya kikombe. Sifuni, aliyekuwa amebaki mikono mitupu, alianza kulia kwa kudhani amekosea hatua.

Kisha Navoneiwa akaweka kitabu chake chini, juu ya udongo, akaja. Akakipokea kikombe mkononi mwa Namkunda. Akanywa nusu iliyobaki. Alipomaliza alikigeuza kikombe, akalisoma jina lililo kwenye kitako, akamgeukia mwenyekiti na kumwambia kwamba ni machungu, na kwamba aliandika limepokelewa mara tatu bila kupokea kitu.

Sasa kanuni ilikuwa imetimia, na ni ajabu jinsi mambo yanavyokwenda haraka kanuni ikitimia. Funguo zilivuliwa shingoni mwa Mzee Senzota kabla jua halijageuka. Alilia, na waliomlilia hawakuwa wachache. Mwenyekiti akapendekeza wakae naye faraghani, wamsamehe, wamwandikie barua ya kuanza upya mahali pengine. Navoneiwa akasema hana karatasi ya barua hiyo. Yeye na Namkunda wakakinga maji ya chemba ndogo kwenye chupa, wakamchukua Nietiwe, wakateremka naye mjini kwa bwana afya na kwa polisi, kwa watu wasiokuwa na kikombe katika nyumba ile. Aliyeulizwa kwanza huko alikuwa Nietiwe. Alieleza kwa pumzi moja, kama mwanzo, na safari hii mtu mzima aliandika yote aliyoyasema.

Kule kilimani kamati ilikaa ikafunga jambo lake kwa haki. Ilikiri kosa. Iliruhusu watu wazima kuonja bomba la chini kila asubuhi, na hilo ni jema. Namkunda alisifiwa kwa ujasiri, jina lake likatajwa kwenye sala. Na kitabuni, ambamo mtu yeyote anaweza kwenda kusoma leo kwa sababu kabati halifungwi tena, waliandika hivi: Shahidi wa kwanza, Namkunda. Shahidi wa pili, Navoneiwa.

Niliusoma ukurasa huo mara nyingi nikitafuta kosa, na kwa kanuni yao hakuna kosa. Ila kuna vikombe kumi na vinne katika stoo ya kilima kingine, kuna watoto wawili ambao malalamiko yao yalipokelewa, na kuna mtoto mmoja aliyemweleza mama yake kila kitu siku ya kwanza, akashikiwa kikombe mdomoni hadi kikaisha. Basi niambieni, wazee wangu mnaotunza matangi: kwa hesabu ya nyumba yenu, Nietiwe ni shahidi wa ngapi?