Bwana Ngwali Achukua Hoteli Nzima

Alikuwapo Bi Mashavu, mpishi wa hoteli kongwe ya wali na maharage ya nazi, iliyojaa kila mchana mafundi na wasukuma mikokoteni. Siku moja akaingia Bwana Ngwali, tajiri mwenye jengo la hoteli hiyo.

"Leo nataka kula kwa utulivu. Hoteli yote ni yangu. Watoe hawa!"

"Lakini baba, wana njaa."

"Watoe, au nikutoe wewe na masufuria yako!"

"Haya baba, hoteli yote ni yako. Keti, nikawaage."

Akawasindikiza wateja hadi nje, akiwanong'oneza. Kisha akampakulia tajiri wali.

Hata tonge halijashuka, vigelegele vikarindima mlangoni. Wateja walirudi pamoja na majirani, wakampa Ngwali mikono. "Hongera kwa shughuli, bwana! Mungu akuzidishie!"

"Shughuli gani?" Ngwali akamnong'oneza mpishi.

"Nimewaambia tu kwamba hoteli yote umeichukua wewe, baba. Mtaani kwetu anayefanya hivyo ana shughuli, na watu wote hula kwake. Au niwaambie umewafukuza?"

Ngwali akawatazama wazee waliokwisha kuinua mikono kumwombea dua.

"Karibuni," akasema. "Bi Mashavu, wapakulie."

"Na nyama, baba?"

"Na nyama."